Mpaka wa Mtaa wa Kisimani

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa bado wakiona haya kudhulumu pasipo karatasi, palikuwa na mji uitwao Kitawe. Mji huo ulikuwa na mitaa saba, na kila mtaa ulijichagulia mjumbe wa kukaa katika baraza la mji. Babu yake Sultani Darweshi ndiye aliyewaapia watu haki hiyo, na kiapo kikaandikwa kikatundikwa barazani, basi mjukuu akawa hawezi kukifuta. Alichoweza ni kusogeza mipaka ya mitaa, kwa kuwa juu ya mipaka babu yake alisahau kuapa.

Na uchaguzi wao ulikuwa hivi: wagombea husimama uwanjani asubuhi, na kila mtu huenda kusimama nyuma ya mgongo wa yule amtakaye. Mwenye mlolongo mrefu ndiye mjumbe.

Basi Sultani alikuwa na mkwe, Bwana Khalfani, ambaye jumba lake lilipakana na kisima cha mtaa wa Kisimani. Kisima hicho ndicho pekee chenye maji matamu pale mtaani, na Bwana Khalfani alitamani kukizungushia ukuta kiwe ndani ya bustani yake, apate kumwagilia miwaridi. Na kwa kuwa mjumbe ndiye mwenye amri juu ya kisima, akagombea. Mara ya kwanza alipata watu watatu nyuma yake, na wote watatu walidhani ule ni mstari wa vitumbua. Mshindani wake alikuwa Bi Riziki, mjane aliyekaanga vitumbua kando ya kisima, na mlolongo wake ulipinda kona mbili.

Sultani akabatilisha uchaguzi, akasogeza mpaka, akawatoa wafinyanzi. Mkwe akashindwa. Akawatoa wasusi wa mikeka, mkwe akashindwa tena. Siku hiyo ya uchaguzi wa tatu Kibwana Sihaba, fundi wa chokaa asiye na kitu ila ndoo na brashi, akapaza sauti mbele ya watu: "Jamani, mbona Bwana Sultani anajichosha kututoa nusunusu? Si atutoe sote, tukapumzike!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kikafika jumbani kwa Sultani kabla ya adhuhuri.

Ikawa Kibwana akaitwa.

"Ewe Kibwana," akasema Sultani, "nasikia wajua mambo ya mipaka kuliko wazee wangu wa baraza."

"Bwana wangu, mimi najua kuta tu."

"Basi leo utajua na mipaka. Nichoree mpaka wa mtaa wa Kisimani ambao ndani yake kila mtu amtaka mkwe wangu kwa hiari yake, asiwepo hata mmoja wa kumkataa. Asitishwe mtu wala asihongwe mtu, maana mimi napenda haki. Nakupa hadi Ijumaa. Ukishindwa, utahama mji huu, na kisima nitampa mkwe wangu pasipo uchaguzi."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kustaajabia haki hiyo. Lakini Kibwana moyo ulimshtuka, maana maji ya kisima kile ndiyo aliyoyanywa tangu kuzaliwa, na hakuwa na mji mwingine. Akafikiri kidogo, kisha akainama.

"Nitachora, bwana wangu. Ila watu wasije wakasema kwamba mpaka wa fundi chokaa si mpaka. Naomba karatasi yenye muhuri, isemayo kwamba mpaka huo hautasogezwa kwa miaka saba, kwamba mjumbe atakuwa na amri juu ya vilivyomo ndani yake na si vya nje, na kwamba watakaobaki nje watakuwa mtaa wao wenyewe, wenye mjumbe wao."

Sultani akaona maneno hayo ni ya mjinga anayetaka kujiona karani. Akagonga muhuri.

Alhamisi asubuhi Kibwana akachukua ndoo yake, akaenda nyumba kwa nyumba. Kila alipobisha aliuliza, "Wamtaka Bwana Khalfani?" na kila alipojibiwa, alisogea mbele na brashi yake kavu. Wauza samaki hawakumtaka. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakumtaka, na wanafunzi wake waliitikia kwa pamoja. Hatimaye akafika lango la Bwana Khalfani mwenyewe, akamwuliza bawabu.

"Mimi nalinda mlango," akasema bawabu. "Mwenyewe ajilinde."

Akamwuliza mpishi. "Kumpikia nampikia, fundi. Kusimama nyuma yake hatukupatana."

Akamkuta Bi Saada, binti Sultani, mke wa Bwana Khalfani, ameketi ukumbini. Akamwuliza kwa adabu, macho chini. Bi Saada akasema, "Baba aliponioza hakuniuliza. Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuniuliza, nami nakujibu. Simtaki."

Ndipo Kibwana akatoka nje, kwenye baraza ya jumba alikokuwa amekaa Bwana Khalfani kwenye kiti chake, akamwuliza naye. "Swali gani hilo?" akafoka. "Najitaka sana!" Basi Kibwana akachovya brashi, akazungushia kile kiti duara la chokaa, na Bwana Khalfani akakunja miguu asichafue viatu.

Ijumaa Sultani akaja hapo jumbani kwa mkwe wake, naye Bwana Khalfani yu kitini, akiwa na wazee wake na umati wa watu. Akauliza, "Mpaka u wapi?"

"Taratibu, bwana wangu! Umebakiza hatua moja kuingia mtaani."

Sultani akatazama chini. "Hii ni dhihaka!"

"Bwana wangu, nionyeshe mtu mmoja ndani ya mpaka asiyemtaka. Mwenyewe asimame tu nyuma ya mgongo wake, kura zote ni zake."

Bwana Khalfani akajaribu kugeuka ausimamie mgongo wake, akazunguka mara mbili, akakaa. Hapo Sultani akamwita binti yake kwa hasira. "Saada! Ingia humo, ukae na mumeo!"

"Nitaingia ukiniamuru, baba," akasema Bi Saada. "Ila nikiingia, mtaa huu utakuwa na mtu wa kumkataa."

Sultani akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza amwona, na uso wake ukasawijika, kwani alijua ni nani aliyemtia katika ndoa hiyo. Kisha akamgeukia Kibwana akasema polepole, "Na kama ningekuamuru unichoree mimi mpaka wangu?"

Kibwana akachungulia ndooni. Chokaa ilikuwa imebaki kidogo sana, kisahani tu.

"Iliyobaki ingetosha, bwana wangu."

Wazee wa baraza wakatazama viatu vyao. Sultani akaanza kucheka, na akacheka peke yake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsaidia. Watu wakaenda zao kisimani, wakajipanga nyuma ya Bi Riziki, na kisima kikabaki chao. Bi Saada akaomba talaka, na mara hii baba yake aliuliza kwanza. Kibwana naye akatunukiwa pipa zima la chokaa nyeupe, kwa sharti moja: asilisogeze kamwe karibu na jumba la Sultani.