Fisi Aliyesikia Yasiyosemwa

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mawe, na pango, na sikio limeegemea pangoni.

Haya, wewe wa nyuma, acha kutafuna muwa. Huyu ninayetaka kusimulia habari zake anasikia mpaka yaliyo moyoni.

Hapo kale Bi Pimbi, mnyama mdogo tu asiyemzidi sungura, aliishi pangoni na mwanawe mmoja, Tulizo. Jina hilo alipewa angali tumboni, kwa matumaini. Alipotoka hakumtuliza mtu. Akinyonyeshwa, anauma. Akilazwa, anapiga mayowe. Akibembelezwa, anatupa kibuyu cha maji chini, paa! Majirani walihama mmoja mmoja, akabaki mama mtu peke yake, kwani yeye angehamia wapi?

Siku moja, jua la utosi, Tulizo akamng'ata mama yake sikio mpaka likatoka damu. Bi Pimbi hakusema kitu. Moyoni tu, tena upesi, likapita neno: Simtaki mtoto huyu. Akaona haya, akafunika uso.

Ndege wakanyamaza. Nje kukasikika kitu kinakokotwa juu ya mawe, kwaru, kwaru, kwaru. Kisha sauti nzito, ya upole, ikasema mlangoni, "Nimesikia, mama."

Alikuwa Fisi. Enzi hizo alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe, mabega juu, makalio juu, na alikuwa akivuta kapu lenye kifuniko. Akaeleza kwa adabu kwamba kazi yake ni kuchukua kile ambacho moyo wa mama umekikataa. Kikikataliwa mara tatu ni chake, anakila. Leo ilikuwa mara ya kwanza. Akaaga, akaenda zake. Ndani ya kapu kitu kililia kidogo, kikanyamaza.

Bi Pimbi alipatwa na hofu ya kufa mtu. Akajiapiza kwamba hatakasirika tena. Kutwa nzima akaimba, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na ile hasira aliyoikalia ikazidi kupata joto kama yai. Kesho yake, jua la utosi, Tulizo akamwaga maji yote ambayo mama yake aliyateka tangu alfajiri, kisha akacheka. Neno likapita tena.

Ndege wakanyamaza. Kwaru, kwaru, kwaru. "Nimesikia, mama."

Safari hii Bi Pimbi alimuuliza kama huchukua watoto tu. Fisi, udenda ukimtoka, akajibu kwamba yeye hachagui. Awe mtoto, awe mume, awe mkwe, awe mpita njia, moyo ukimkataa mara tatu analiwa. Tena huwala kwa zamu, anayetangulia kukataliwa ndiye anayetangulia kuliwa. Akaapa kwa meno yake mwenyewe. Bi Pimbi akamshukuru, akamtakia safari njema.

Siku ya tatu Bi Pimbi hakuimba, wala hakutabasamu. Alikaa tangu asubuhi amefumba macho, midomo inamcheza. Jua lilipofika utosini, Tulizo akamtemea uji usoni. Mama akahisi lile neno linakuja, akaliacha lije, maana lilikuwa la kweli. Saa ile hakumtaka.

Ndege wakanyamaza. Kwaru, kwaru, kwaru. Fisi akaingiza kichwa chote pangoni, kapu liko wazi.

"Nimesikia, mama. Hii ya tatu."

Bi Pimbi akamkumbatia mwanawe, naye anampiga mateke. "Umesikia la mtoto tu, kwa uroho wako," akasema. "Tega sikio hapa, usikie mengine."

Fisi akaweka sikio kifuani pake. Mle ndani, tangu asubuhi, moyo ulikuwa unapiga neno moja: Simtaki Fisi. Simtaki Fisi. Simtaki Fisi. Si mara tatu, mara mia.

"Aliyetangulia kufikisha tatu ni nani?"

Fisi akahesabu kwa kucha zake. "Mimi," akasema.

"Basi kula kwa zamu."

Meno aliyoyaapia hayakumngoja. Yakageuka nyuma yenyewe. Ng'wafu, ng'wafu, ng'wafu. Yakaanza na mkia, yakaja kwenye makalio, na Fisi akawa anazunguka, macho yamemtoka kwa mshangao. Hakulia. Alicheka kicheko kisicho chake, akatimua mbio porini huku anajila. Kapu likapinduka, zikamwagika njuga ndogo za miguuni mwa watoto, nyingi sana.

Ndiyo maana hadi leo Fisi yuko juu mbele na chini nyuma. Hajajimaliza bado. Akijimaliza, zamu ni ya Tulizo.

Tulizo akamng'ata mama yake tena, sikio lile lile.

"Mwanangu," Bi Pimbi akasema kwa sauti, "sasa hivi sikutaki. Ningoje mpaka jua ligeuke."

Akamweka chini, akatoka, akakaa juu ya jiwe. Akasikiliza. Hakuna aliyejibu. Jua lilipogeuka, akaingia ndani akamchukua.

Hadithi imeingia kwenu, mimi nimetoka, fungeni mlango.

Funzo? Mama mwema hakasiriki, hata moyoni. Mimi nimelea saba na sijakasirika hata siku moja, na huyo anayecheka huko porini wala simjui.