Ukuta wa Wapagazi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana walioona wangali hai, wanajeshi ishirini walikwenda kisiwani kutazama magofu ya ngome ya vita vya Wazungu. Aliyewaongoza ni Luteni Kisilu.

Gatini walipokelewa na Bi Mishi, mwenyeji wa kisiwa. Aliwaeleza wote kwamba kapteni wa ngome ile, meli ya adui ilipotokea, aliwafungia wapagazi arobaini chumba cha chini, akatoroka na ufunguo. Wakafa kwa kiu. Kabla ya kufa walichonga majina yao ukutani kwa misumari. Babu yake alikuwa mmoja wao, na kila mwaka yeye huja kuligusa jina lake.

Msimamizi wa ngome, Mzee Shebwana, akawafikisha kwenye ukuta ule. Upande wa ndani, majina arobaini. Upande wa nje, bamba la marumaru likimsifu kapteni kwa ushujaa.

Luteni akaamuru saluti. Wakapiga wote ila Koplo Mwakio.

"Nimpigie saluti muuaji, afande?"

Luteni akarudia amri. Koplo akatwaa mtaimbo uliokuwa hapo chini, akalichokonoa bamba kwa hasira. Likang'oka, na ukuta ukaporomoka nalo. Majina arobaini yakawa kifusi.

Bi Mishi akapekua vipande kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Hakupata kimoja chenye herufi mbili. Akasimama.

"Nani kamuua babu yangu mara ya pili?"

Luteni akajitetea kwamba hakugusa kitu. Saluti ilikuwa kwenye ratiba ya wakubwa, naye aliitimiza.

Mzee Shebwana akakiri alijua siku nyingi kwamba ukuta umeoza na bamba ndilo lililoushikilia. Alinyamaza kwa sababu kama angesema, ngome ingefungwa. "Nawe, Mishi, ungemgusa wapi babu yako?"

Koplo akasema, "Mama, nilikuwa nawatetea wapagazi."

"Nani alikutuma?"

Bi Mishi akaokota jiwe, akainua mkono. Watu watatu mbele yake, wala hakuna aliyekimbia. Jiwe ni moja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mmoja aliamuru, mmoja alinyamaza, mmoja alivunja. Je, nani alistahili jiwe lile?