Mababa Wakuu Watatu na Kaburi Moja

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Wa nyuma, acheni kunong'ona.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na Baba Mkuu. Mnyama akifa, Baba Mkuu hutupa udongo wa kwanza kaburini. Bila udongo wake, kaburi si kaburi. Ndiyo ilikuwa sheria.

Baba Mkuu akafa. Wazee wakamchagua Korongo. Korongo akaanza kuwakemea. Wazee wakajuta, wakavuka mto, wakamchagua Nyani. Korongo akakataa kushuka kitini. Basi wakawa wawili, kila mmoja akimlaani mwenzake.

Siku hizo Digidigi akafiwa na mkewe. Akamwita Korongo. Korongo akaja, akatupa udongo, pu! Digidigi akashukuru.

Kulipokucha akaja Ngiri, tarishi wa Nyani. "Pole na msiba, bwana. Lakini udongo wa Korongo ni batili. Fukua."

"Nimfukue mke wangu?"

"Si mimi, ni sheria."

Akafukua, kwaru, kwaru. Nyani akaja, akatupa udongo, pu! Haujatulia, akaja Heroe, tarishi wa Korongo. "Nyani ni Baba wa uongo. Fukua."

Kwaru, kwaru.

Digidigi akawaendea wazee. "Wazee wangu, mmoja aondoke. Mke wangu hajapumzika."

Wazee wakajifungia, wakabishana, wakatoka wakitabasamu. "Ugomvi umekwisha. Tumemchagua Kobe."

"Na wale wawili?"

"Wamekataa kuondoka."

"Walikuwa wawili, sasa watatu. Huko ndani mlikuwa mkipunguza au mkiongeza?"

Mzee Fisi akasema, "Subiri, mwanangu. Kobe yuko njiani. Ukichoka kulinda maiti, nitakusaidia."

Digidigi akarudi nyumbani, akamlaza mkewe kaburini, akatupa udongo mwenyewe. Pu.

Matarishi wakaja, wote watatu, hata wa Kobe. "Nani katupa udongo?"

"Mumewe."

"Kwa idhini ya nani?"

"Alipougua nilimchotea maji. Sikuomba idhini."

"Fukua."

Digidigi akalala juu ya kaburi. "Anzeni na mimi."

Matarishi wakatazamana. Hilo halikuwamo katika sheria ya yeyote. Wakaondoka.

Baadaye Swala akafiwa na mama yake, akatupa udongo mwenyewe. Kisha Pundamilia. Mababa Wakuu wakabaki wakilaaniana, na hakuna msiba uliowaita tena.

Fundisho ni hili: wakubwa wakigombea kiti, mwenye msiba asiwangoje. Wako umzike wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kaburi lililofunikwa. Nendeni mkalale.