Baiskeli Isiyokwenda

"Baiskeli isiyokwenda humfikisha mtu nyumbani." Mmenisikia nikisema, mkacheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, maana nilikuwa muuguzi wa wodi ile.

Mzee Singano wa Mlalo aliuza mboga kwa baiskeli miaka thelathini, mpaka moyo ukamgomea. Akapasuliwa kifua huko mjini, moyo ukatengenezwa. Siku ya tano baada ya upasuaji mtaalamu wa mazoezi, Bi Nyamizi, akampeleka kwenye baiskeli iliyofungwa sakafuni. Mzee akaikagua. Haikuwa na gurudumu hata moja.

"Hii inakwenda wapi?"

"Haiendi, baba. Wewe kanyaga tu."

"Basi ni ya wendawazimu." Akarudi kitandani.

Waliokuja kumjulia hali walimuunga mkono. "Tulia, mzee. Moyo umeshonwa, usije ukafumuka." Akatulia siku tatu, miguu ikaanza kulegea. Mimi nilikasirika, lakini mgeni aliyeleta pole humfukuzi.

Siku ya nne ya kutulia huko, Nyamizi akaketi kando yake.

"Baba, gari linafika kwako?"

"Linaishia sokoni. Kutoka pale ni mlima."

"Utaupanda na nini?"

"Sipandi tena. Nitakaa hapa mjini kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu."

"Ana vyoo vingapi?"

"Kimoja."

"Kwa hiyo kila asubuhi mtapishana mlangoni, wewe na taulo, yeye na taulo."

Mzee akacheka, amekumbatia mto kifuani ili mshono usimuume. "Nipeleke kwenye hiyo baiskeli," akasema.

Siku hiyo alikanyaga dakika tatu, Nyamizi akimpima mapigo. "Nimetoka Mombo," akatangaza, kana kwamba yuko njiani kupanda kwao. Kesho yake kidogo zaidi. Baada ya siku kadhaa akafika Soni, kisha Lushoto, na wodi nzima ikawa inamuuliza habari za njiani. Alipotangaza Mlalo, Nyamizi akampandisha ngazi za hospitali, ghorofa mbili, na daktari akamruhusu.

Mkwe wake ndiye aliyemsindikiza. Alirudi wodini na kapu la mboga, akatusimulia: mlimani mzee alipumzika mara tano, yeye mwenyewe mara sita. Mlangoni mama mkwe wake, mke wa mzee, alishika kichwa, akauliza, "Umefikaje huku juu na kidonda hicho?"

Mzee Singano akavua viatu kwanza, akaketi kwenye kigoda chake.

"Baiskeli isiyokwenda," akasema, "humfikisha mtu nyumbani."