Tabaka Lililovuka Mto Lukandu

"Tabaka halifii mtoni." Mwalimu mkuu amekwambia hivyo, Venansia, nawe umeingia jikoni kwangu umenuna kana kwamba amekutukana. Hakukutukana. Umekosa nafasi ya kidato cha tano, naye badala ya pole akakupa methali. Shida yenu vijana mnaipenda methali ikiwa ya kuimba, ikiwataka mfikiri mnaikimbia. Sogeza ungo huo. Na wewe Osmundi, weka simu chini upukuchue maharage na dada yako, masikio hayana kazi nyingine. Methali hiyo haikutoka pwani wala haikuja na vitabu. Ilizaliwa hapa hapa Lihangwe, nami niliiona ikizaliwa. Chanzo chake ni hiki.

Wakati huo nilikuwa mke mpya, nimeolewa nyuma ya kilima, nikija kila msimu kumsaidia mama yangu kulima. Mama yangu ni Batilda Kapinga, yule wa picha ya ukutani mwenye uso wa kukemea. Ndivyo alivyokuwa hata bila picha. Nyumba yake ilikuwa papa hapa, upande wa magharibi wa mto Lukandu, na nyuma yake, kando ya mibuni, palikuwa na kaburi dogo. Mama alilipalilia kwa mkono. Hakutaka jembe liguse pale.

Mashariki ya mto hakukaa mtu. Huko ndiko kampuni moja ilikokuta makaa ya mawe. Sisemi makaa haya ya jikoni. Nasema jiwe jeusi, jepesi, linalowaka, limelala ardhini kama mkeka, na unene wake unazidi kimo cha mtu. Wataalamu walitueleza kwamba zamani sana bonde letu lote lilikuwa kinamasi. Miti ikaanguka humo, ikafunikwa na matope na mchanga, muda ukapita usiohesabika, vyote vikageuka mawe, tabaka juu ya tabaka. Wazee walisikiliza kwa adabu, wakafika majumbani mwao ndipo wakacheka.

Walicheka mpaka siku ramani ilipobandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Aliichora mpimaji wa kwanza, aliyepita kwetu mbio mbio. Mashariki alichora tabaka la makaa kwa mstari mzito mweusi. Ulipofika mtoni mstari huo ukawa wa nukta nukta, ukavuka maji moja kwa moja, ukapita katikati ya nyumba zetu. Maana ya nukta ni kwamba mchoraji anadhani tu, hajaona. Lakini mashambani mwetu alikuwa ametia vialama vidogo vyeusi, kuonyesha kwamba hapo makaa yametokeza juu, na vialama hivyo vikazipa nukta nguvu. Tukaambiwa mavuno yakiisha kijiji kitahama ili shimo lichimbwe hapa. Wenye makaburi wajiandae kuhamisha mifupa.

Mama aliposikia neno mifupa alinyanyuka mkutanoni akaondoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kiganja juu ya lile kaburi.

"Huyu hana mifupa," aliniambia. "Alikuwa na miezi saba. Watabeba nini?"

Niliinama nikapalilia naye kwa mkono. 

Kabla ya kuhamishwa, ramani ilitakiwa ihakikiwe. Ndipo akaja mwanajiolojia, mwanamke, Redempta Hyera, mwembamba, viatu vizito, nyundo kiunoni, maneno machache. Mkubwa wake alikuwa Bwana Lusajo, mtu mpole kabisa, ila alikuwa na haraka ya watu wenye wakubwa juu yao.

Redempta alianzia mashariki, na kazi yake ilikuwa kutembea. Alilifuata tabaka korongo kwa korongo, akivunja jiwe, akilitazama, akisonga mbele. Mpangilio aliukuta uleule kila mahali. Chini kabisa jiwe la kijivu lenye alama za majani ya kale. Juu yake makaa. Juu ya makaa jiwe jeupe la mchanga. Na juu ya yote, kileleni mwa kilima, jiwe jekundu lenye kokoto. Akateremka na tabaka hadi ukingoni mwa Lukandu, akavua viatu, akavuka. Pale pale nukta ziliposema makaa yapo, akakuta jiwe jekundu lenye kokoto. Akachimba, jekundu. Akaufuata ukingo juu na chini, jekundu tupu.

Habari zilitufikia kabla yake. Makaa yamekufa mtoni, watu wakasema, hayakuvuka. Kijiji kizima kilichangamka. Mzee Ndimbo alitoa pombe bila kuombwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona na wala halikuonekana tena. Tukiwa katika furaha hiyo Redempta akatokea, matope hadi magotini, akasalimia wazee, akasema, "Nimekuja kuomba njia ya kupita mashambani mwenu. Bado nalitafuta tabaka."

Mama ndiye aliyemjibu.

"Mwanangu, umeshaona limekufa. Maiti hafukuliwi."

"Shikamoo, mama. Tabaka halifii mtoni. Mti hufa, mtu hufa. Tabaka hili lilitandazwa bonde zima, haliwezi kuishia penye maji kwa kuwa maji yamependa kupita hapo. Limekwenda mahali, na sijui ni wapi."

"Na ukilikuta chini ya nyumba yangu?"

"Nitalichora chini ya nyumba yako."

Ehe, hapo alijiharibia. Watu walimzomea. Watoto wakampa jina, kila akipita wanaimba, "Halifii Mtoni, Halifii Mtoni." Na kambini kwake nako hakupendwa. Bwana Lusajo alimwambia achore nukta zilezile wafunge kazi, tabaka lipo tu humo chini, nani asiyejua. Akakataa. Basi ikawa hivi: mkubwa wake alitaka tabaka lipite kijijini bila kuonwa, na sisi tulitaka life bila maiti kuonekana. Yeye peke yake ndiye aliyetaka kujua liko wapi.

Asubuhi iliyofuata alikuja hivyo hivyo. Alitukuta shambani, mimi na mama, kwenye ngoro zetu za mteremkoni. Ngoro mnazijua, mmezilima, ingawa Osmundi huzilima kwa macho. Nyasi zinakatwa na kulazwa chini kwa miraba, kisha udongo unachimbwa katikati ya mraba na kuzifunika. Katikati panabaki shimo, pembeni matuta, na nyasi zinaoza tumboni mwa tuta. Siku hiyo mama aliamka na hasira, maana mvua za mwisho zilikuwa zimelikata tuta moja, nusu yake ikashuka upande wa shimo na maharage yakalala.

Alisimama katikati ya njia. "Hapa hupiti," alimwambia Redempta.

Redempta hakubishana. Alikuwa akilitazama lile tuta.

"Mama, naomba jembe."

"La nini?"

"Nikusaidie tuta lako."

Na kwetu anayeomba jembe shambani kwako hanyimwi, hata awe adui. Ukimnyima, msimu ujao hakuna atakayekuja kukusaidia kulima. Mama alimpa, kwa uso ule wa pichani.

Redempta hakulirudishia tuta udongo kama tulivyotegemea. Alilikata wima, taratibu, kama mtu anayekata mkate, kisha akasafisha pale alipokata kwa kiganja. Ndani tukaona mstari mweusi wa nyasi zilizooza. Ulitoka kushoto umenyooka, ulipofika kwenye ufa ukakatika. Baada ya ufa mstari uleule ukaendelea, ila chini zaidi, kwa shibiri moja hivi. Redempta alipiga magoti akautazama mpaka mama akachoka.

"Umeona nyoka?"

"Mama, nyasi hizi nani alizilaza?"

"Mimi na binti yangu huyu."

"Mlizilaza zimekatika hivi?"

"Nani analaza nyasi zilizokatika? Tulizilaza zimenyooka. Tuta ndilo limeshuka, nyasi zikashuka nalo."

"Sasa tazama upande ulioshuka, kwenye kimo kilekile cha nyasi za upande huu. Unaona nini?"

"Udongo," mama alisema. "Udongo wa juu." Kisha akageuka kuutazama mto, na ng'ambo yake kile kilima cha mashariki chenye kilele chekundu. Mama yangu hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. "Unataka kuniambia upande wetu ulishuka."

"Ulishuka wote, zamani, kabla hajazaliwa mtu. Mto umefuata ufa. Lile jiwe jekundu ninalolikuta kwenu pale majini, ng'ambo liko kileleni. Kwa hiyo makaa yako chini yetu, chini kwa kadiri ya kilima kile."

"Kumbe yapo." Mama alinywea.

"Yapo, mama. Lakini yako chini mno. Hakuna atakayetoboa kilima kizima kuyafuata kama kuna mahali yanapopanda tena na kutokeza juu. Na kama mahali hapo hapana nyumba, kijiji kimepona. Yakitokeza kwenye nyumba zenu, sitawaficha."

Kisha akachukua zile nyasi nyeusi, akazisugua mkononi, akanusa, na kwa mara ya kwanza tukamwona akicheka. "Vile vialama vya ramani," alisema. "Mwenzangu alipita mkiwa mnafumua matuta. Kila alipoona weusi akaandika makaa. Hii ni nyasi." Mama naye akacheka, kidogo tu, kama mtu aliyesahau namna yake. Akachukua jembe lake.

"Njia ya magharibi ina miiba," alisema. "Natangulia."

Tulitoka pale watatu, tukianzia mtoni, tukipita nyumba kwa nyumba. Redempta alivunja jiwe kila lilipochomoza, na mama aliuliza swali moja tu.

"Bado jekundu?"

"Bado jekundu, mama."

Maana tulikwishaelewa. Penye jekundu, makaa yako chini, mbali. Jeupe likianza, makaa yanakaribia. Nyuma ya kwa Mzee Ndimbo, jekundu. Kisimani, jekundu. Nyuma ya nyumba yetu, kando ya mibuni, Redempta aliinama hatua chache kutoka kwenye lile kaburi, akagonga kidogo kwa adabu, mama akafumba macho.

"Jekundu," Redempta alisema.

Mama hakufumbua upesi. Tukaendelea. Nyumba ya mwisho, jekundu. Mashamba ya mwisho, jekundu bado, lakini mawe sasa yalikuwa yameinama, yakipanda kuelekea magharibi. Tukaingia kwenye vichaka vya miiba ambako hata mbuzi hawapelekwi, na huko, juu ya genge, nyundo ikatoa kipande cheupe. Mama aligeuka kutazama nyuma. Mabati ya kijiji yalionekana madogo, mbali, chini kule. Alikaa juu ya jiwe akalia, akasema acheni nilie nimalize.

Tulipoteremka kwenye korongo la mbele tuliyakuta. Makaa meusi, manene vilevile kama ya mashariki, jeupe juu yake, na chini yake jiwe la kijivu lenye alama za majani. Mpangilio uleule. Mama aliyapapasa kwa kiganja.

"Kumbe uko huku," alisema, kana kwamba anamwambia mtu aliyekuwa akitafutwa na ndugu zake.

Bwana Lusajo alipoonyeshwa alitembea njia nzima mwenyewe, akagonga mawe yote, na jioni akaenda kuibandua ramani ya zamani kwa mkono wake. Alimwomba Redempta radhi mbele ya watu, na hilo nalo tuliliheshimu. Ramani mpya ilichora ufa mtoni, ikaonyesha makaa yamezama chini ya kijiji na kuibuka nyikani. Wakaenda kuchimba huko. Sisi tukavuna maharage yetu, tukakaa. Redempta alipoaga, watoto walimsindikiza wakiimba Halifii Mtoni, lakini sasa kwa heshima, na mama alimfungia mzigo wa maharage ambao nusura umshinde kubeba.

Neno likabaki. Mwaka uliofuata kahawa ya Mzee Ndimbo ilikauka akataka kuing'oa yote, mama akamwambia, "Tabaka halifii mtoni, mzee. Tafuta ilipokwenda." Akapanda miche upande wa pili wa kilima, ikashika. Toka hapo kila anayekwama hapa Lihangwe anaambiwa hivyo, na wengi wanaosema hawajui wanasema nini.

Lile kaburi dogo ambalo wewe na Osmundi mnanung'unika kulipalilia kila Novemba ndilo hilo. Ni la dada yangu Adelina. Yuko pale, na mama yangu yuko pembeni yake kama alivyotaka, kwa sababu mwanamke mmoja alifika mtoni hakukubali kwamba pale ndipo mwisho.

Sasa wewe, Venansia. Mwalimu mkuu hakukwambia usubiri ukingoni ulie. Amekwambia uvuke. Chuo cha wilaya bado kinapokea maombi, na nimemsikia binti wa jirani yetu Kinunda akisema wana masomo ya upimaji. Kesho Osmundi atakusindikiza. Usitegemee utakikuta unachotafuta kwenye kimo kilekile ulipokiacha. Usiniangalie hivyo. Uliza unachotaka kuuliza.

"Na nikivuka nikakuta jekundu tu, bibi?"

Basi ujue uko juu yake, mwanangu, endelea kutembea. Tabaka halifii mtoni.