Msumari wa Mbaruku Shekiondo

Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza ninyi.

Katika karakana moja ya vyuma walikuwapo mafundi watatu. Eliasafi Mkwizu alijaliwa sikio: mashine ikikohoa tu, yeye amekwisha jua. Tatu binti Mbelwa alijaliwa pua. Yusto Kihiyo alijaliwa kidole kilichogundua kasoro ambayo jicho halikuiona.

Desturi ya pale ilikuwa hii: kisu cha kukerezea chuma kikivunjika kabla ya wakati wake, vipande hutundikwa mlangoni, kwenye msumari wenye jina la mkerezaji. Msumari ukijaa, mtu hufukuzwa kazi. Wa Mbaruku Shekiondo ulikuwa umebakiza nafasi ya kisu kimoja.

"Mkono wako mzito, mzee," msimamizi, Bwana Ludoviko Semkiwa, alimwambia mbele ya watu. "Nenda kalime mihogo."

Maneno hayo, kwa mtu aliyezeekea kwenye mashine yake ya kukerezea! Wale watatu hawakuvumilia.

Eliasafi alisimama kando ya mashine. "Hebu nyamazeni! Pampu ya maji ya kupozea inakata pumzi. Inatoa, inaacha, inatoa."

Tatu alikiinamia kisu kilichofungwa mashineni. "Kinanuka kuungua. Maji yakikatika kinawaka."

Yusto alipapasa makali. "Kina nyufa nyembamba kama unywele. Hakuna aliyekigonga hiki. Kinapasuka kama glasi ya moto iliyotiwa maji baridi."

Wakaufuata mpira wa maji hadi nyuma ya ukuta. Ulikuwa umetobolewa na kuunganishwa na mashine nyingine, ambako Semkiwa alijikerezea vipuri vya kinu chake cha mahindi! Aliyeiba maji ndiye aliyekuwa akitundika vipande!

Semkiwa akafukuzwa. Wenye karakana wakamwambia Shekiondo achague msimamizi mpya miongoni mwa wale watatu. Na vipande vya msumarini, kwa desturi, huteremshwa na msimamizi peke yake.

"Bila sikio langu mngeanzia wapi?" akauliza Eliasafi.

"Wewe ulisikia kikohozi, kaka. Ugonjwa nimeutaja mimi," akajibu Tatu.

"Na bila kidole changu," akasema Yusto, "mpaka leo mngesema mzee kakigonga."

"Jamani!" Shekiondo akapaza sauti. "Ninyi mnagombea kiti, na jina langu bado linaning'inia pale mlangoni!"

Na kweli, vipande vingalipo, na kila apitaye anavisoma.

Haya, wasikilizaji. Ungekuwa wewe ndiye Shekiondo, ungemwita nani akaviteremshe?