Paneli za Kisima cha Mwabuki

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu wala si ya mababu, kijijini Mwabuki walikuwepo wanawake watatu waliolima vitunguu kando ya kisima kimoja: Kalunde, Nyamizi na Zaituni. Walimwagilia kwa ndoo mpaka viganja vikaota sugu.

Wakaamua kukopa paneli za sola na pampu. Mkopeshaji akataka kianzio. Nyamizi akauza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa. Mkopeshaji akataka na dhamana, Zaituni akaweka shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Yakabaki marejesho ya kila mwezi.

"Hayo niachieni mimi," akasema Kalunde.

Maji yakapanda, vitunguu vikastawi, Kalunde akalipa. Kisha riba ikapanda huko mjini, na rejesho likapanda nayo. Kalunde akauza cherehani, akalipa. Riba ikapanda tena. Kalunde akamtoa binti yake shule, akalipa. Ikapanda tena. Safari hii hakuwa na cha kuuza.

Mkopeshaji akaja. Paneli hakuzitaka, kwa kuwa mpya zilikuwa zimeshuka bei na hizi kuukuu zisingefuta deni. Akachukua shamba la Zaituni.

Wakabaki na paneli, deni limekwisha. Ndipo akatokea mfugaji mmoja akitaka kuzinunua.

"Ziuzwe, nipewe mimi," akasema Zaituni. "Nitapata japo kipande cha kulima. Nyie mna mashamba, mimi nimebaki na jembe."

"Dada, nakuonea uchungu," akasema Nyamizi. "Lakini bila ng'ombe wangu zisingefika hapa. Zikiondoka, vitunguu vinakauka, na maziwa ya wanangu sina tena."

Wakamgeukia Kalunde. Yeye ndiye aliyelipa muda wote, na kauli yake ndiyo ingeamua.

Kalunde alimtazama binti yake akipalilia amevaa sketi ya shule iliyochakaa. Paneli zikibaki, mavuno haya yangemrudisha darasani. Akamtazama Zaituni, aliyepoteza shamba mwezi ule ule ambao yeye Kalunde alishindwa kulipa.

"Mama, tunasubiri," mfugaji akasema.

Haya, mnaonisikiliza. Mmoja alitoa ng'ombe, mmoja shamba, mmoja masomo ya mwanawe. Kalunde aseme nini? Paneli zile ni haki ya nani?